Kuhusu huo mkono wako wa kushoto

Mpendwa Zuhura,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika kidogo. Wiki tatu mkono unakuuma, usiku hulali, halafu unaniandikia mimi badala ya kwenda kwa daktari? Haya, daktari mimi siye, ila mwaka jana mkono ulinitesa, kwa hiyo nisikilize.

Tuanze na hilo linalokutisha, moyo. Ni kweli maumivu ya moyo hushuka mkononi, maana mishipa ya fahamu ya moyo na ya mkono huingia kwenye uti wa mgongo karibu mahali pamoja, ubongo ukashindwa kujua anayelia ni nani. Lakini maumivu hayo kwa kawaida hayajali unaukunja mkono au unauinua. Mara nyingi huja na kifua kubanwa, jasho jembamba, pumzi kukata, kichefuchefu. Na si lazima yawe kushoto. Huweza kuwa kulia, mikono yote miwili, hata taya. Sisi wanawake, na wenye kisukari, wakati mwingine kifua hakiumi kabisa. Yakikupata hayo usikae ukijipima. Omba gari la wagonjwa, wala usiendeshe mwenyewe. Hali kadhalika mkono ukilegea ghafla, uso ukapinda au maneno yakakataa kutoka: hicho huenda ni kiharusi, na usisubiri kipite.

Yako nayaona ni mengine. Umesema gumba, kidole cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, unaamka unaukung'uta mkono mpaka upoe. Vidole hivyo vina mshipa wao wa fahamu, unaopita kwenye kijinjia chembamba cha kifundo cha mkono; ukibanwa pale, husumbua usiku hasa. Kingekuwa kidole cha mwisho, ningeshuku kiwiko. Yangu yalitoka shingoni! Nikigeuza kichwa, kama umeme unashuka hadi kwenye gumba, nami miezi miwili nachua bega lisilo na kosa.

Kwa sasa usilale umekunja kifundo. Kifunge kibao laini kikae kimenyooka. Vidonge vya maumivu usivifanye chakula cha kila siku. Ila kliniki nenda wiki hii, kwa sababu ya lile neno ulilolipitia haraka, kwamba vikombe vinakuponyoka. Ganzi mtu aweza kuivumilia, lakini nguvu zikianza kupungua, nyama ya chini ya gumba husinyaa, na ikishasinyaa sana huenda isirudi. Mkono wote ukivimba na kubadilika rangi, au ukiwa mwekundu wa moto na homa juu, hapo nenda siku hiyohiyo.

Wewe ni wa mashoto, na mwandiko wa barua yako nimeuona ulivyoyumba. Majibu usiandike. Nipigie simu.

Wako,
Rehema