Wamenichangia wakidhani sirudi

Kwako Shangazi,

Niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja huku magharibi, na kwetu ni Nyamasaria, Kisumu. Nimechaguliwa kwenda kusoma Ujerumani muhula mmoja, Oktoba hadi Machi, kisha nirudi kuingia mwaka wa nne. Karo ya kule silipi, maana vyuo hivi viwili vina mkataba wa kubadilishana wanafunzi. Kilichotutoa jasho ni viza. Lazima uonyeshe una pesa za kujikimu, euro 992 kwa kila mwezi, tena nyingi huwekwa kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo ukishafika inakutolea za mwezi mmoja mmoja tu. Miezi sita ni euro 5,952. Kwa shilingi ni karibu laki tisa, na ufadhili wangu unafika nusu.

Baba mdogo akaitisha harambee. Shangazi, watu walitoa! Kuna mama anayeuza omena pembeni ya mama yangu pale Kibuye. Alifungua fundo la leso akahesabu elfu mbili, noti za mia mbili mbili zinazonuka samaki, akaninong'oneza, "Ukishatulia huko, umvute na huyu wangu." Wake ni kijana aliyemaliza kidato cha nne na sasa ana miaka mitatu nyumbani. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Siku mbili baadaye ndipo nilipoona ujumbe ambao baba mdogo alikuwa ameusambaza WhatsApp. Ameandika kwamba binti yetu amepata kazi Ujerumani, tumsaidie apande ndege. Masomo hayakutajwa, wala Machi. Nilipomuuliza alicheka. "Ningesema unaenda miezi sita, nani angetoa hata soo?" Halafu akasema wenye akili wakifika hawarudi.

Kibarua naruhusiwa, sikatai. Mwanafunzi wa kigeni anaweza kufanya kazi siku 140 kwa mwaka. Lakini nitakuwa darasani, na Kijerumani changu ni cha kuombea maji. Nitapata nauli na za matumizi madogo, si za kumvuta mtoto wa mtu.

Mama anaujua ukweli wote na ananiambia ninyamaze, maneno yataisha yenyewe. Yeye mawazo yake yako kwenye baridi. Amenichagulia koti zito la mitumba, na ndani lina lebo ya Kijerumani, kwa hiyo angalau koti linarudi kwao.

Miadi yangu ya viza Nairobi ni wiki tatu zijazo, na pesa bado ziko kwa baba mdogo. Nikisema sasa, kuna watakaodai chao, safari ife, na baba mdogo aaibike mbele ya ukoo mzima. Nisiposema, Machi nitashuka pale uwanja wa ndege wa Kisumu na begi langu lile lile, na pesa zao nitakuwa nimezila. Niwaambie wote kabla sijaenda, au nianze na huyu mama wa omena peke yake? Na nikimwambia, nimrudishie elfu mbili zake, au hayo yatakuwa matusi?

Jumamosi nilikuwa Kibuye kumsaidia mama. Huyo jirani yake akaniuliza kama kule kuna omena, akitaka kunifungia kilo mbili.

Mimi,
Mwenye deni, Nyamasaria