Lumbesa humwumiza pia anayeibeba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu lumbesa, yaani gunia la mazao linalojazwa kupita kipimo hadi kuwa na kilemba juu ya mdomo wake, jambo ambalo limeandikwa sana lakini, kwa maoni yangu, limeandikwa upande mmoja tu. Kila msimu wa viazi na vitunguu tunasoma malalamiko ya wakulima wa Njombe, Mbeya na Karatu kwamba mnunuzi amewapunja kwa kuwajazisha gunia lenye kilemba na kulilipia bei ya gunia la kawaida. Malalamiko hayo ni ya haki. Viongozi huyajibu kwa onyo, misako hufanyika, watu kadhaa hutozwa faini, na msimu unaofuata gunia hurudi na kilemba chake. Katika mjadala wote huo sijaona mtu akiuliza habari za yule anayelishusha gunia hilo garini, wala linamfanya nini mwilini.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi katika soko la jumla hapa Dar es Salaam, na ninayoyaeleza nayaona kabla jua halijachomoza. Gunia lenyewe hujazwa hadi mdomoni, kisha juu yake hujengwa tuta la viazi linaloshikiliwa na kamba iliyopitishwa huku na huku kama wavu, hata uzito ukafika kilo 120 au 130, na mengine huzidi hapo. Watu wawili walio juu ya gari hulisukuma mpaka ukingoni. Mbebaji husimama chini akiwa amewapa mgongo, ameinama, shingoni amejiwekea kiroba kilichokunjwa. Hulipokea kwa mabega na kisogo, hutulia kidogo mpaka miguu ishike ardhi vizuri, halafu huondoka kwa hatua fupi za harakaharaka, kwa sababu mzigo wa namna hiyo ukienda nao polepole ndivyo unavyokulemea. Chini ni majani ya kabichi yaliyooza, na mvua ikinyesha ni tope. Hawezi kuinua uso kutazama mbele. Anaona miguu yake na miguu ya wanaompisha, ndiyo maana hupiga kelele njia nzima. Akifika ghalani hakuna wa kumtua, hivyo hujipinda kiuno upande mmoja na kulibwaga juu ya magunia mengine, kisha hurudi garini kuchukua jingine.

Kule kujipinda ndiko kunakowamaliza watu, na sababu yake si siri kwa madaktari wa mifupa. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski, kitu chenye kiini laini kilichozungukwa na nyuzi ngumu, na kazi yake ni kupokea mishindo. Mtu anapoinama na mzigo, misuli ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mzigo wenyewe mara kadhaa, kwa kuwa misuli hiyo imejishika karibu sana na uti wa mgongo ilhali mzigo uko mbali nao, na nguvu yote hiyo huishia kuzibana diski. Akijipinda wakati huohuo, zile nyuzi za ukingoni huchanika kidogo kidogo. Diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu, kwa hiyo kilichochanika hupona kwa taabu, na mara nyingi hakiponi sawasawa. Siku ukingo ukilegea kabisa, kiini husukumwa nje na kugandamiza mshipa wa fahamu. Hapo maumivu hushuka kutoka kiunoni kupitia takoni hadi unyayoni, na mguu hufa ganzi. Magoti nayo huchakaa, na shingo hukakamaa. Jambo baya zaidi ni kwamba hayo yote huja taratibu, miaka kadhaa baada ya kijana kuanza kazi, hivyo hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kuionyesha na kusema kwamba siku ile ndipo alipoumia.

Kwa kuwa haiwezekani kuionyesha siku, huitwa uchovu, na uchovu dawa yake sokoni ni vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa viwili viwili pamoja na chai ya asubuhi. Dawa hiyo ina kazi yake ikitolewa na daktari, lakini mtu anayeimeza kila siku anahatarisha tumbo na figo, na huku ameyanyamazisha maumivu yaliyokuwa yakimwonya aache. Nilipata kumwambia kijana mmoja anayenishushia mzigo kwamba apumzike wiki moja aende hospitali. Akanijibu kwa heshima zote, “Tajiri, nikilala mimi, nyumbani wanalala njaa.” Sikuwa na la kumjibu, maana alikuwa anasema kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna tatizo jingine la kiafya linalowaweka watu wengi zaidi katika ulemavu. Nathubutu kusema kwamba wabebaji wetu ni sehemu ya watu hao, hata kama hawajawahi kufika mbele ya daktari wa kuwaandika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua halitawapendeza wafanyabiashara wenzangu. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na wengi wetu tunaamini kwamba tukifika hapo tatizo limekwisha. Halijakwisha. Kilo 100 ni kipimo kilichowekwa ili muuzaji na mnunuzi wasipunjane. Hakikuwekwa kwa kuuangalia mgongo wa mtu. Waliouangalia mgongo walifika kwenye namba nyingine kabisa. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127, unaosema kwamba mfanyakazi asitakiwe kubeba kwa nguvu za mwili mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake, na katika Pendekezo namba 128 la mwaka huohuo likataja kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanamume mtu mzima. Uingereza, mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini unataja kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke, tena mzigo ukiwa umeshikwa karibu na mwili, usawa wa kiuno. Kwa hiyo gunia lililofungwa kihalali kabisa hapa kwetu linakaribia mara mbili ya kikomo cha mwaka 1967, na ni mara nne ya ule wa Waingereza, hata kabla kilemba hakijawekwa.

Sitaki kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Kenya, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi, na ingawa madalali wa huko waliipinga na utekelezaji umekuwa wa kusuasua, angalau namba imeandikwa katika sheria na mkulima au mbebaji ana mahali pa kuegemea. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mbolea inapopelekwa Njombe hupanda gari ikiwa katika mifuko ya kilo 50 au 25. Saruji ni kilo 50, sukari ni kilo 50, na nchi nyingi za Ulaya saruji yenyewe imeshushwa hadi kilo 25. Viazi vilivyooteshwa kwa mbolea hiyohiyo vinateremka kuja Dar es Salaam katika gunia la kilo 100 na ushei, kwa barabara ileile, na pengine kwa gari lilelile. Kiwanda kimeweza kufungasha kwa kipimo kinachobebeka. Sijui kwa nini sisi wa mazao tuseme haiwezekani.

Nasema sijui, lakini sababu ninazijua, na ni za fedha. Nauli ya gari mara nyingi hupangwa kwa gunia. Ushuru, kuanzia kizuizi cha halmashauri hadi geti la soko, hutozwa kwa gunia. Mwenye magunia makubwa machache hulipa kidogo kuliko mwenye magunia madogo mengi, ingawa shehena ni ileile. Ndiyo maana misako na faini havijaimaliza lumbesa na havitaimaliza, kwa kuwa faini huja mara moja moja lakini faida ya gunia kubwa hupatikana kila safari. Ushuru na nauli vikihesabiwa kwa kilo, faida hiyo itakufa, na nadhani kilemba kitakufa nacho bila askari hata mmoja kusimama njiani.

Hapa lipo jambo ambalo watetezi wa wabebaji, wakijitokeza, wasilisahau. Mbebaji naye analipwa kwa gunia. Tukilipunguza gunia kutoka kilo 100 hadi 50 bila kusema lolote juu ya ujira, baadhi yetu tutakata malipo kwa nusu siku hiyohiyo, na wengine tutakata zaidi kwa kisingizio kwamba mzigo umekuwa mwepesi. Kijana atatembea mara mbili zaidi kwa fedha ileile au pungufu, na yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitamani lumbesa irudi. Nimewasikia wabebaji wakisema wazi kwamba gunia kubwa wanalipenda kwa sababu linamaliza kazi mapema. Siwalaumu. Ujira wa kushusha nao uhesabiwe kwa kilo, utangazwe getini kama ushuru unavyotangazwa, na upangwe kwa mazungumzo kati ya uongozi wa soko, wafanyabiashara na wabebaji wenyewe.

Kuhusu fidia, tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, na unashughulikia ajali pamoja na magonjwa yatokanayo na kazi. Ni mfuko mzuri, lakini umejengwa juu ya mwajiri anayechangia, na mbebaji wa sokoni hana mwajiri mmoja. Asubuhi anashusha viazi vyangu, saa mbili anashusha vitunguu vya jirani yangu, na mchana anasukuma mkokoteni wa mtu asiyemjua hata jina. Ukimwuliza kila mmoja wetu, atasema huyu si mfanyakazi wangu, na kwa maandishi atakuwa anasema kweli. Nashauri wahusika wafikirie namna ya kukata sehemu ndogo ya ushuru wa soko iwe mchango kwa ajili ya wabebaji walioandikishwa katika vikundi vyao. Sisi wafanyabiashara tutanung'unika, kama tunavyonung'unikia kila makato, kisha tutazoea.

Kuna jingine dogo lisilohitaji sheria mpya. Katika masoko ninayoyafahamu gari linashushwa likiwa limesimama chini tambarare, kwa hiyo kila gunia lazima litoke kimo cha tela hadi mgongoni mwa mtu. Jukwaa la zege lenye kimo cha tela, na toroli mbili tatu za magurudumu mapana, vingeliruhusu gunia kutoka garini hadi ghalani bila kukaa shingoni mwa mtu yeyote. Tunajenga masoko mapya kila mwaka na michoro yake huonyesha vizimba, vyoo na maegesho. Wachoraji waombwe waongeze na jukwaa.

Juu ya kikomo chenyewe, ombi langu ni kwamba kanuni zibadilishwe gunia la viazi na la vitunguu lishuke hadi kilo 50, na mizani iwekwe kule kijijini gari linapopakiwa. Gunia likishasafiri usiku kucha na kufika hapa sokoni, hata afisa wa vipimo akilikuta limezidi, mwenye mali atatozwa faini, na kijana ataitwa alishushe vilevile lilivyo.

Mfanyabiashara wa viazi,
Dar es Salaam