Mwanangu, jua la Mbeya huchelewa

Kihesa, Iringa
Julai

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Huku hatujambo, baridi ni ileile unayoijua. Mama yako anakusalimu sana, na anasema umpigie shangazi yako wa Makambako kwa sababu amelalamika tena.

Nimeusoma ujumbe wako nikaurudia. Unasema alamu inalia saa kumi na moja alfajiri, unaizima, unageukia ukutani, halafu unakuja kuamka saa moja na hasira juu ya nafsi yako. Raba ulizonunua za kukimbilia asubuhi umezivaa mara mbili tatu tu. Mwisho ukaandika, "Baba, nadhani mimi ni mvivu tu." Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe hujibu "sawa baba" na habari inaishia hapo. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Hilo la uvivu tuliondoe kwanza. Mtu mvivu hasomi uhasibu akaumaliza. Tatizo lako naliona mahali pengine, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa jiografia hata baada ya kustaafu, utanivumilia kidogo.

Nani alikuambia saa kumi na moja? Najua ni hao vijana wa kwenye simu, wanaohubiri kwamba kila aliyefanikiwa huwa macho saa hiyo. Wengi wao wanahubiri wakiwa Dar. Nawe miaka ya chuo uliishi Dar, ukazoea kuamka gizani kuwahi daladala za Kimara, kwa hiyo ukaona ni saa ya kawaida. Sasa uko Mbeya, na huu ni mwezi wa saba. Nchi nzima tunafuata saa zilizopimwa kwa longitudo ya 45, mstari ambao haugusi hata ardhi yetu. Uko baharini huko, mashariki ya Zanzibar. Dar iko kwenye longitudo ya 39 na kidogo. Mbeya iko kwenye 33 na nusu hivi. Dunia hugeuka digrii moja kila dakika nne. Piga hesabu, wewe ndiye mhasibu: jua likishachomoza Dar, linahitaji dakika zaidi ya ishirini kukufikia. Halafu ongeza kwamba Mbeya iko kusini zaidi, na miezi hii usiku wa upande wa kusini ndio mrefu. Jibu ni kwamba sasa hivi Dar jua linatoka saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, na Mbeya linatoka saa moja. Ndiyo, saa moja asubuhi. Weupe wa kukuonyesha shimo barabarani unaanza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Kwa hiyo alamu yako inalia zikiwa zimebaki saa mbili nzima jua lichomoze. Wewe unaita asubuhi, mwili wako unaita usiku, na mwili ndio uko sahihi. Mida hiyo joto la mwili liko chini kabisa, na ubongo bado unamwaga melatonini, homoni ya usingizi, ambayo hupungua macho yanapopata mwanga. Hata ukijilazimisha kuinuka, ule uzito wa kichwa unaweza kukaa nusu saa kabla haujaondoka. Na nje, Mbeya ya Julai, joto limeshuka chini ya nyuzi 10. Mimi nashangaa umeweza hata hizo asubuhi mbili tatu ulizotoka.

Fanya hivi. Weka alamu saa kumi na mbili na robo, uwe nje saa kumi na mbili na dakika arobaini, nusu saa, urudi uoge. Ofisi yenu inafungua saa mbili na unakaa Forest, hukai kule mbali Uyole, utawahi. Ukiona inabana, siku nyingine fanya jioni bila kujisikia vibaya. Saa hiyohiyo inayokunyima alfajiri inakulipa baadaye: mwezi huu Mbeya jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, wakati Dar wameshawasha taa. Sijui ni nani aliyeweka sheria kwamba mazoezi ya jioni hayahesabiki. Na ukivumilia hadi Novemba, jua litakuwa linatoka kama saa kumi na mbili na robo, utaamka mapema bila kugombana na mtu. Tatizo Novemba mvua nazo zinaanza, lakini hilo tutaliongea likifika.

Kuna sababu nyingine ya kutokutoka gizani, na hii sikuombi, nakuagiza. Wewe ni mtoto wa kike na uko peke yako mjini. Usikimbie barabarani kabla hakujapambazuka, na barabara kuu ya Tunduma usiikimbilie hata kukiwa kweupe. Malori yale yanatoka Zambia usiku kucha, dereva amechoka, na bodaboda zinapita pembeni kulekule unakotaka kupita wewe. Zunguka njia za ndani za mtaani kwenu. Headphone acha nyumbani.

Sasa nije kwenye neno lako kubwa, hamu. Umeandika mara nyingi kwamba unatafuta hamu ya kuamka. Nikakumbuka mwaka jana, tarehe 15 Septemba, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo. Ulinipigia kabla sijanywa chai. Yeye na yule Mjerumani, Amanal Petros, walimaliza kwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, tofauti sehemu tatu za mia za sekunde, hadi picha ikatazamwa kujua nani ametangulia. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano yale. Ukaapa kesho unaanza kukimbia. Kesho yake ulikimbia kweli, ukanitumia picha. Baada ya wiki sikusikia tena habari ya mbio.

Sikucheki. Nataka tu uone kwamba hamu ulikuwa nayo, tena tele, na ilikufikisha mwisho wa wiki. Hamu ya mtu mwingine akishinda ni moto wa mabua. Simbu mwenyewe alipata shaba London mwaka 2017, dhahabu ikaja 2025. Miaka minane hapo katikati ina asubuhi nyingi mno ambazo hakuna aliyempigia makofi, na siamini kwamba kila moja aliamka ana hamu. Hata kidogo.

Hebu kumbuka shule. Mchakamchaka uliukimbia miaka yako yote ya msingi, miguu ina vumbi, baridi ya Juni inauma masikio, na sikuwahi kukusikia unatafuta hamu. Hukuwa na hamu! Mlikuwa mnanuna wote. Lakini kengele ilipigwa, wenzako walikuwa wameshapanga mstari, mmoja akaanzisha wimbo, na mguu ukaenda wenyewe. Kubaki nyuma peke yako uwanjani mwalimu wa zamu anakutazama kulikuwa kugumu kuliko kukimbia. Ndivyo mambo yanavyofanya kazi hata kwa watu wazima. Tunajidanganya tu kwamba tukikua tutaongozwa na utashi.

Chukua mfano wangu. Unajua daktari alinitaka nitembee kwa sababu ya presha, na unajua natembea. Watu wa hapa mtaani wananisifia kwa nidhamu. Nidhamu gani? Kuna mzee mwenzangu anakuja kusimama getini na koti lake la kijeshi, anagonga bati kwa fimbo mara moja, halafu ananyamaza. Hagongi tena. Anasimama tu pale kwenye baridi. Mimi niko ndani ya blanketi nasikia ukimya wake, na nakuambia kweli, ule ukimya una nguvu kuliko alamu yoyote. Nitamwachaje mzee wa watu nje na baridi ya Iringa, na kesho nitamtazamaje kanisani? Naamka kwa aibu. Naye siku moja aliniambia anakuja kwa sababu anajua nitamsubiri. Kwa hiyo ni wazee wawili, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na hivyo tunafika hadi njia panda na kurudi tukizungumza habari za bei ya mbolea.

Tafuta wa kumwogopa namna hiyo. Asiwe mwanamichezo, huyo atakukimbiza siku ya kwanza na siku ya tatu utamkimbia wewe. Tafuta mtu ambaye tayari anaamka kwa shughuli zake. Ulishanisimulia habari za yule mama jirani yako anayekwenda Mwanjelwa kufungua meza yake ya nyanya, kwamba anatembea kwa miguu kuokoa nauli. Mwombe umsindikize nusu ya njia. Mwambie akupigie hodi. Mama anayewahi soko hatembei polepole, utahema mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kumo ndani ya hesabu hiyo. Nusu saa kwa siku tano, umemaliza. Kukimbia kutakuja kwenyewe ukitaka, na usipotaka pia hakuna deni. Mama yako hapa anacheka, anasema zamani kutembea hadi sokoni hakukuitwa mazoezi. Nimemwambia aniache niandike.

Na huyo mama akishakubali, usimwambie "nikiweza nitakuja." Mwambie siku. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, basi. Ukiongeza baadaye ni sawa.

Kuhusu kuhema kwako. Umesema dakika tano tu kifua kinawaka, ukadhani una ugonjwa. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia kati ya 15 na 20. Ulizaliwa huku juu, lakini Dar imekuzoesha vingine, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzoea tena. Nenda kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Ukishindwa kuongea, punguza. Lakini kifua kikibana hata ukiwa umekaa, au ukisikia kinapiga filimbi, hapo acha kunisikiliza mimi uende hospitali, maana hewa ya baridi na kavu huamsha pumu kwa watu wenye nayo.

Kabla ya kutoka, rukaruka humo chumbani dakika tano hadi jasho lianze kukusalimia. Misuli iliyolala kwenye baridi haipendi kushtuliwa. Vaa nguo mbili tatu nyepesi badala ya koti moja zito, ili uvue moja ukipata joto uifunge kiunoni, na mtandio upitishe mdomoni hewa isiingie na ubaridi wote. Majaketi ya upepo mazuri yamejaa kwenye mitumba, usinunue ya dukani. Na tafadhali sana, usiingize jiko la mkaa chumbani upate joto la kuamkia. Kila msimu wa baridi huku nyanda za juu tunazika watu kwa ajili ya jiko la mkaa na dirisha lililofungwa. Ile hewa yake haina harufu ya kukuonya.

Habari ya kulala sitaandika sana, unaijua. Ukiwa kwenye simu hadi saa sita usiku, hakuna mama wa nyanya atakayekutoa kitandani. Saa nne na nusu zima simu. Mtu mzima anahitaji saa saba na zaidi, na usingizi ukiukopa alfajiri unaulipa ofisini mbele ya mafaili ya watu.

Ukishazoea, Jumamosi moja nenda na wenzako mkapande Loleza, huo mlima unaoutazama kila ukifungua mlango. Una mita 2,656, na si lazima mfike juu. Nendeni kundi, mbebe maji, mrudi kabla ya mchana. Nilipeleka wanafunzi huko zamani, nikawaonyesha mji wote ulivyolala bondeni, wakaniuliza chakula kiko wapi.

Kesho natuma kifurushi kwa basi la asubuhi. Kina sweta aliyofuma mama yako, kofia ya sufu ambayo najua utaikataa lakini utaivaa, na unga wa ulezi kwa ajili ya uji ukirudi. Nitakutumia namba ya kondakta, uwahi stendi ya Nane Nane mapema kabla basi halijaendelea na safari. Na ukishaongea na yule mama jirani, niandikie ni siku gani mmekubaliana. Nataka siku, sitaki "sawa baba."

Baba yako