Feri ni dakika 10 tu, mbona mnatulipisha usiku wa Miyajima?

Swali hili limerudi tena wiki hii. Safari hii ni kijana aliyemlipia mamake, ameangalia kwenye intaneti akaona feri ya kwenda Miyajima, kile kisiwa cha Japani karibu na mji wa Hiroshima, ni dakika 10 na nauli yenyewe ni ndogo tu, sasa ameshaamua tumewaibia wazee kwa kuwalaza kisiwani wakati hoteli za Hiroshima mjini ni nafuu, na maneno hayo ameyapeleka mpaka grupu ya familia. Sisi ni ofisi ndogo hapa Mombasa, tunapeleka vikundi vya wastaafu, walimu wa zamani, watu wa bandari, kina mama wa chama, na kwa kweli inaniuma mtu akibaki na fikra kwamba mzazi wake ameliwa pesa. Kwa hiyo naeleza.

Lile lango jekundu la hekalu la Itsukushima mnaloliona kwenye picha, urefu wake kama mita 16, limejengwa 1875 na limesimama baharini kwa uzito wake wenyewe. Baharini, jamani. Watu wa Pwani hamhitaji kufundishwa bamvua na maji mafu, na kule siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Maji yakipita sentimita 250 lango linaonekana linaelea, yakishuka chini ya sentimita 100 unatembea kwa miguu mpaka chini ya nguzo zake. Kati ya hali hizo mbili ni masaa sita na ushee. Sasa mtu anayeenda na kurudi anafika saa 5 asubuhi, anakaa masaa matatu, basi anachokikuta ndo hicho hicho.

Kuna kikundi waliona bei yetu kubwa wakajipeleka wenyewe. Wamelipa viza, wamelipa ndege mpaka Osaka, wakafika kisiwani maji yamekauka, picha zote ni tope, na saa 9 wakakimbilia feri. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, alikuja kwetu baadaye akalipa safari nzima upya. Mimi sikufurahia hiyo pesa, nilimhurumia. Sisi tunaanza na jedwali la maji, ndipo tunatafuta ndege, na tukilala kisiwani mzee anaona maji yamejaa na anaona yamekupwa, tena usiku lango linawashwa taa na wale wageni wa mchana wote wameshaondoka, hakuna msukumano.

Halafu hii habari ya "wawekeni wanne chumba kimoja bei ishuke". Nyumba za wageni za Kijapani, ryokan, zinatoza kwa kichwa. Bei ina chakula cha jioni na cha asubuhi ndani yake, kwa hiyo kubanana hakupunguzi kile mnachokifikiria. Wengine wanasema basi toeni chakula cha jioni, tutakula nje. Nje wapi? Migahawa mingi ya kisiwani ikifika saa 11 jioni inafunga, na mtu ana sukari, anatakiwa ale kwa wakati. Na kwa wateja wetu Waislamu ndo kazi zaidi, maana mchuzi wa kule una mirin na sake, pombe hizo, lazima mpishi aambiwe mapema sana, ukimwambia mlangoni jioni hiyo hawezi kubadilisha kitu. Hizo barua tunaziandika sisi, na majibu tunayafuatilia sisi. Tunaulizia pia vyumba vyenye vitanda, kwa sababu godoro la chini na goti la miaka 74 havipatani, na bafu la kukodi faragha, kwa sababu kule wanawake wanaoga uchi pamoja, wanaume nao vivyo hivyo, na mimi siwezi kumweka mtu bafu moja na mama mkwe wake. Iliwahi kukaribia kutokea, wanafamilia walikuwa wamekataa kulipia hiyo nyongeza, na yule mama mkwe alikaa siku mbili bila kuingia majini.

Mizigo nayo. Kutoka uwanja wa ndege wa Kansai, kule Osaka, masanduku makubwa tunayatuma kwa gari, yanafika kesho yake, mzee anabaki na begi dogo lenye nguo za usiku mmoja na dawa ZOTE. Narudia, dawa zote. Kuna mzee alikataa kulipia, akasema sanduku lake atalivuta mwenyewe, na ile treni ya kasi inasimama dakika moja au mbili tu, sanduku linalopita sentimita 160 ukijumlisha urefu, upana na kimo linataka kiti cha kubukiwa, akatozwa faini ya yeni 1,000 na mgongo ukamuuma mpaka siku ya kurudi.

Na Misen, mlima wa kisiwani, mita 535. Mnasema kuna gari la kamba la angani, kwa nini tunaweka kama hiari? Kwa sababu hilo gari halifiki kileleni. Ukishuka kuna kama nusu saa ya ngazi, unateremka kwanza halafu unapanda. Anayeweza tunampeleka na mwongozaji wake, asiyeweza anabaki stesheni ya juu anaangalia visiwa, na mwongozaji wa pili anabaki naye. Huyo mwongozaji wa pili ndo ile laini kwenye ankara mnayoiuliza kila siku.

Wanaotaka kuona majani ya miti yakigeuka mekundu mwezi wa 11, leteni orodha ya dawa sasa hivi. Dawa za daktari zikizidi za mwezi mmoja zinataka kibali kabla ya kusafiri, za mafua zenye sudoefedrini zaidi ya asilimia 10 haziingii kabisa, na msiwafungie wazee nyama ya kukausha wala maembe, vitachukuliwa uwanjani.