Kumbukumbu ya kifo haitafutwi kwa jina peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wale wanaofuatilia nasaba za koo zao. Wengi hufungua tovuti ya kumbukumbu, wakaandika jina la babu wa babu yao, wakakosa, na papo hapo wakaamua kwamba kifo chake hakikuandikwa popote. Mara nyingi kimeandikwa. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi. Kifo cha zamani hutafutwa kwanza kwa miaka, kisha kwa mahali, na jina huja la tatu.

Anza kwa kufunga kipindi. Chukua karatasi, upande mmoja andika tarehe ya mwisho ambayo una uhakika mtu huyo alikuwa hai, na upande wa pili tarehe ya kwanza ambayo una uhakika alikwisha kufa. Uhakika ninaousema ni maandishi ya wakati ule, si masimulizi ya familia. Sahihi yake kwenye hati ya mauzo ya ardhi ni ushahidi wa uhai. Jina lake katika sensa pia. Kuzaliwa kwa mtoto humthibitisha mama, lakini hakumthibitishi baba, kwa kuwa watoto huzaliwa baba akiwa amekwisha kuzikwa. Upande wa pili, tazama sensa inayofuata kama mke ameitwa mjane, tazama daftari la ndoa ya kila mtoto kama jina la baba limeandikiwa "marehemu", tazama mahakama kama mirathi imefunguliwa. Hapa kuna mtego: neno "marehemu" likiwapo lina uzito, likikosekana halina, maana waandishi wengi wa madaftari hawakuuliza. Kwa kazi hii peke yake, kipindi cha miaka 30 kinaweza kushuka hadi 4 au 5 kabla hujagusa daftari lolote la vifo.

Mahali pana kanuni moja inayosahaulika: kwa kawaida kifo husajiliwa kilipotokea, si alikoishi marehemu. Mzee aliyefia kwa binti yake, mgonjwa aliyefia hospitali ya mji wa jirani, mfanyakazi aliyefia safarini, wote watakuwa kwenye daftari la wilaya usiyoitarajia. Mipaka ya wilaya nayo imehamahama. Tafuta ramani ya utawala ya mwaka ule ule wa kifo, usitumie ya leo.

Halafu ujue usajili wa serikali ulianza lini mahali hapo, la sivyo utatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Ufaransa ulianza 1792, England na Wales tarehe 1 Julai 1837, Scotland 1855, Ireland 1864, na Ujerumani nzima 1876. Marekani kila jimbo lilikwenda kwa mwendo wake: Massachusetts ilianza 1841, lakini ni 1933 tu ambapo majimbo yote yalikuwa yameingia katika mfumo wa kitaifa wa usajili wa vifo. Kabla ya tarehe hizo rudi kwenye madaftari ya dini. Parokia za England ziliamriwa kuandika mazishi tangu 1538, na Kanisa Katoliki liliagiza daftari la vifo katika kitabu chake cha ibada cha 1614. Kumbuka tu kwamba daftari la parokia kwa kawaida huandika siku ya mazishi, na kifo chenyewe kilitangulia kwa siku moja au kadhaa.

Sasa faharasa, yaani orodha ya majina inayokuelekeza kwenye daftari. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Faharasa si kumbukumbu. Ni kazi ya mtu wa baadaye aliyesoma mwandiko wa mtu wa kwanza, na kila aliyenakili aliongeza makosa yake. Herufi kubwa za mwandiko wa kale hufanana: L na S, T na F, J na I. Jina la ukoo na jina la kwanza hubadilishana nafasi. Mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina huorodheshwa kwa jinsia yake tu. Mke huandikwa kwa jina la mumewe. Mhamiaji huandikwa jinsi karani alivyosikia.

Kwa sababu hiyo usiishie kwenye jina kamili. Tovuti nyingi hukubali alama ya nyota (*) badala ya herufi usizo na uhakika nazo. Ipo pia mbinu ya Soundex, iliyopewa hataza Marekani 1918, inayokusanya majina yanayotamkwa karibu sawa. Hiyo hushika herufi ya kwanza kama ilivyo na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu, kwa hiyo inasaidia kosa likiwa katikati ya jina, na haisaidii kitu kosa likiwa mwanzoni. Jina lililoingizwa kwa K badala ya C halitatokea kamwe. Njia yenye nguvu zaidi ni kuacha jina la ukoo wazi kabisa, ukajaza jina la kwanza, wilaya, umri na miaka michache ya kila upande, kisha ukasoma orodha yote kwa macho yako.

Angalia pia faharasa imepangwaje. Ile ya zamani ya England na Wales imegawanywa kwa robo za mwaka, na robo hufuata siku ya kusajiliwa, si siku ya kufa. Aliyefariki tarehe 29 Desemba anaweza kukaa katika robo ya Machi, yaani ya Januari hadi Machi, ya mwaka unaofuata, na kifo kilichopelekwa kwa mchunguzi wa vifo vya ghafla kinaweza kuchelewa zaidi. Umri haukuwekwa katika faharasa hiyo mpaka 1866, ingawa faharasa mpya ya mtandaoni ya ofisi kuu ya usajili imeuongeza kwa miaka ya nyuma. Watu wenye majina ya kawaida hutofautishwa na umri huo, kwa hiyo usinunue cheti kabla ya kuutazama.

Tovuti ya nasaba ya FamilySearch haina malipo, unahitaji kujiandikisha tu. Shirika lake lilianza kupiga mikrofilamu, yaani filamu za picha ndogo, za madaftari 1938, na mikrofilamu hizo zimekwisha kugeuzwa picha za kidijiti. Sehemu kubwa ya picha haijaingizwa kwenye faharasa ya majina. Anayetumia kisanduku cha kutafutia jina peke yake haoni picha hizo. Nenda kwenye katalogi, tafuta kwa jina la mahali, fungua daftari la mwaka unaoutaka, upitie ukurasa mmoja baada ya mwingine. Madaftari mengi yana orodha ya majina kurasa za mwisho, iliyoandikwa na karani mwenyewe. Anza na hiyo.

Ukikipata cheti, usikiamini chote kwa kipimo kimoja. Soma kwanza sehemu ya mtoa taarifa: nani alikwenda kusajili, na alijuaje? Tarehe na mahali pa kifo kwa kawaida ni imara, kwani viliandikwa siku chache baada ya tukio. Sheria ya England ya 1874, kwa mfano, ilitoa siku 5. Umri, mahali alikozaliwa na majina ya wazazi ni habari nyingine kabisa. Aliyezitoa hakuwapo wakati marehemu anazaliwa. Mjane huweza kujua jina la mkwewe, jirani hajui, na msimamizi wa hospitali hata umri hukisia. Umri unaoishia na 0 au 5 utilie shaka hasa, na utafute kuzaliwa kwake miaka 5 mbele na 5 nyuma.

Jiwe la kaburi au tangazo likitoa umri kwa miaka, miezi na siku, hesabu kwa uangalifu. Chukua mtu aliyefariki 5 Machi 1861 akiwa na miaka 72, miezi 4 na siku 11. Siku 11 hazitoki kwenye 5, kwa hiyo lazima ukope mwezi. Ukikopa mwezi wa siku 30 utapata 24 Oktoba 1788. Ukikopa Februari yenyewe, yenye siku 28 mwaka ule, utapata 22 Oktoba. Hujui aliyechonga alitumia hesabu ipi, basi tafuta ubatizo kwa siku kadhaa kabla na baada. Umri uliohesabiwa kwa mwaka wa Hijria nao ni mrefu kuliko wa jua: miaka 66 ya Hijria ni kama 64 ya kalenda ya kawaida, kwa sababu mwaka wa Hijria hupungua siku 11 hivi.

Kalenda imepoteza watu wengi wazuri katika utafiti huu. England hadi 1752 ilihesabu mwaka kuanzia 25 Machi, kwa hiyo mazishi ya Februari 1720 katika daftari ni Februari 1721 kwa hesabu yetu. Waandishi makini waliandika 1720/21, wengine hawakuandika. Mwaka huo wa 1752 tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14. Ufaransa nayo ina madaftari ya kalenda ya Mapinduzi hadi mwisho wa 1805, ambayo lazima yageuzwe kwa jedwali.

Sababu ya kifo ipo katika baadhi ya nchi tu. Vyeti vya Ufaransa na Uholanzi haviitaji, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta humo. Inapotajwa, maneno ya kale yana maana zake: "phthisis" na "consumption" ni kifua kikuu, "apoplexy" mara nyingi ni kiharusi, "ague" ni homa ya vipindi ambayo mara nyingi ilikuwa malaria. "Dropsy" ni mwili kuvimba maji, na hiyo ni dalili ya moyo au figo kushindwa, si ugonjwa wenyewe. Orodha ya kimataifa ya sababu za vifo ilipitishwa Chicago 1893, na hata baada ya hapo madaktari walichukua muda kuifuata. Kabla ya sheria ile ya 1874 England haikulazimisha hati ya daktari, na sababu nyingi ni kauli ya jamaa. Usijenge historia ya magonjwa ya ukoo juu ya neno moja la aina hiyo.

Na cheti kikikosekana kabisa? Kifo huacha karatasi nyingi, na cheti ni mojawapo tu. Faili la mirathi huwa na tarehe ya kifo na orodha ya warithi, na mara nyingi linashinda cheti kwa habari za ukoo. Madaftari ya mahakama za kadhi yana utajiri huo huo, kwa kuwa mafungu hayawezi kugawanywa bila kila mrithi kutajwa. Rejesta ya makaburi huonyesha nani alinunua nafasi na nani wengine wamelazwa hapo. Sensa za Marekani za 1850 hadi 1880 zina orodha za pekee za waliokufa ndani ya miezi 12 iliyoishia 31 Mei. Wanajeshi wa Jumuiya ya Madola waliokufa katika vita viwili vya dunia, watu milioni 1.7, wamo kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita, bure. Inahusisha vifo hadi 31 Agosti 1921 kwa vita vya kwanza na 31 Desemba 1947 kwa vya pili, hivyo aliyekufa kwa majeraha baada ya amani anaweza kuwamo.

Ukiandika kuomba nakala, taja jina na tahajia zake zote, kipindi chenye mwaka wa kuanzia na wa kuishia, mahali, umri wa kukadiria, jina la mume au mke, na namba ya faharasa kama unayo. Omba nakala kamili ya ukurasa wa daftari, si muhtasari, kwa sababu muhtasari mara nyingi huacha wazazi na mtoa taarifa. Weka daftari lako la utafutaji lenye yale uliyokosa pia: rejesta gani, miaka gani, tahajia gani. Bila hilo utarudia kazi ile ile mwaka kesho.

Mwisho, ombi kwako Mhariri. Tanzia zenu ni kumbukumbu za vifo, na zitasomwa na wajukuu ambao hawajazaliwa. Watu huzikata na kuzihifadhi bila kichwa cha gazeti, na "amefariki Jumanne iliyopita" haiwasaidii. Tafadhali kila tangazo lichapwe na tarehe kamili pamoja na mwaka, jina la marehemu lote, umri, na mahali alipozikwa.

Wako,
Mtafiti wa nasaba na nyaraka