Miezi tisa si mwisho wa kliniki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenye watoto wadogo, na zaidi na wauguzi wenzangu ambao bado wako kazini.

Ukifika kliniki ya watoto asubuhi yoyote utakuta akina mama wamejaa na vichanga vya wiki 6, 10 na 14. Hao hawakosi. Wa miezi 9 nao huja kwa chanjo ya surua na rubela. Baada ya hapo benchi linapwaya. Dozi ya pili ya miezi 18 hufuatwa na wachache, na ikishapita hiyo mtoto haonekani tena mpaka augue, ingawa anatakiwa kupimwa uzito hadi atimize miaka 5. Ukimuuliza mama, anakujibu kwa moyo mweupe: "Mbona ameshamaliza chanjo?"

Simlaumu, kliniki yenyewe ndiyo iliyomzoesha hivyo. Mtoto anavishwa kile kisuruali cha mizani, ananing'inizwa huku analia, kilo zinasomwa, nukta inawekwa kwenye kadi, haya, mwingine. Hakuna aliyeuliza kama anageuka akiitwa, kama anakaa bila kushikwa, au kama akitambaa anatumia miguu yote miwili. Na hapo anapopotea kliniki ndipo anapoanza kusimama, kutembea na kusema, yaani ndipo penye mengi ya kuangaliwa.

Najua mabibi watasema kila mtoto na wakati wake. Kweli, na mimi ni bibi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya watoto wenye afya njema waliofuatiliwa katika nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo: wapo waliotembea peke yao wakiwa na miezi 8, na wapo waliofika miezi 17 na ushee, na wote ni wazima. Lakini wakati huo una ukomo. Wa miezi 10 asiyekaa, au wa mwaka na nusu asiyetembea, asiambiwe "atatembea tu". Aonwe. Pengine ni utapiamlo, pengine ni utindio wa ubongo, na mazoezi ya viungo hufaa zaidi yakianzwa mapema. Hata huyo wa miaka 2 asiyesema, ambaye mtaa mzima unasema watoto wa kiume huchelewa, apimwe masikio kwanza.

Mtoto akishaanza kutambaa, na nyumba inahitaji kukaguliwa. Jiko la mkaa liko sakafuni, usawa wa mkono wake. Ndoo ya maji iko wazi bafuni. Anayejifunza kusimama huishika ukingo, akachungulia, akatumbukia kichwa, na hata maji yakiwa kidogo hawezi kujitoa. Ila kinachonikera kuliko vyote ni mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Yanapimwa dukani, yanaletwa nyumbani, yanawekwa chini ya meza. Jana mtoto alinyweshwa maji kwa chupa kama hiyo hiyo, leo ameiona tena na ana kiu. Kosa lake nini?

Kwa hiyo wauguzi, kabla hamjarudisha kadi, muulizeni kila mama maswali mawili tu: mtoto anafanya nini sasa ambacho mwezi uliopita hakufanya, na mafuta ya taa mnayaweka wapi? Foleni haitaharibika kwa dakika mbili. Nanyi wenye maduka, mteja akija na chupa ya maji mkatalieni, aende akalete kidumu chenye mfuniko unaokaza. Atanuna, lakini atarudi.

Na ikitokea mtoto ameyanywa, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa, ingawa majirani watawahimiza. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yakiingia mapafuni, na akitapika ndipo yanapopata njia ya kuingia huko. Mvueni nguo zilizolowa, mkimbizeni hospitali hata kama anaonekana mzima, na mwende na chupa yenyewe ili daktari aione.

Muuguzi mstaafu,
Korogwe, Tanga