Risala ya Wanafunzi wa Kiswahili, Legon: Tunaomba Masanduku

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu, na nyinyi watoto mliokuja na sare zenu siku ya mapumziko: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo, na kwa Kitwi, akwaaba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wanafunzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Ghana, hapa Legon, pamoja na wenzetu wachache kutoka Afrika Mashariki wanaosoma hapa. Kila Jumamosi tunakwenda katika shule moja ya msingi mjini Accra kuwasomea watoto. Tulipokaa kupanga sherehe hii ya Siku ya Kiswahili Duniani, tuliulizana nani awe mgeni wetu, na jina lako likatajwa kabla chai haijamiminwa. Umefanya kazi ya ukutubi Dar es Salaam, ukafundisha chuo cha ukutubi Bagamoyo, umestaafu, na bado umepanda ndege kuja kutusikiliza. Asante sana, mama.

Mtu akitamka neno maktaba, wengi huona jengo. Hapa Ghana maktaba ilianza na masanduku. Mwaka 1928 John Aglionby, Askofu wa Anglikana wa Accra, aliwafungulia wasomaji vitabu vyake mwenyewe, na katika ziara zake za kichungaji akazunguka na masanduku ya vitabu. Mwaka 1945 alifika Evelyn Evans, mkutubi kutoka Uingereza, akifanya kazi chini ya British Council, shirika la utamaduni la Uingereza. Gari la vitabu likaingia barabarani. Bodi ya Maktaba ya Gold Coast, jina la Ghana wakati wa ukoloni, ikaanza kazi Januari 1950, miaka saba kabla ya uhuru, na Bibi Evans akawa mkurugenzi wake wa kwanza hadi mwaka 1965. Maktaba Kuu ya Accra ilifunguliwa mwaka 1956. Tumepiga hesabu: kutoka masanduku ya askofu hadi jengo hilo ni miaka 28. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanasoma.

Wewe unajua kwamba kwenu Tanzania mambo hayakuwa tofauti sana. Bodi ya huduma za maktaba Tanganyika iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ikafunguliwa Desemba 1967. Accra ilikuwa imetangulia, na wakubwa wenu wa fani hiyo walikuwa na mahali pa kuchungulia.

Tusipite bila kumtaja George Padmore, mwana wa Trinidad aliyefariki mwaka 1959 akiwa mshauri wa Kwame Nkrumah. Maktaba ya utafiti wa mambo ya Afrika yenye jina lake ilifunguliwa hapa Accra mwaka 1961. Nkrumah alipopinduliwa mwaka 1966, jina la Padmore liliondolewa, na baadaye likarudishwa. Wanaosema ukutubi ni kazi ya kupanguza vumbi hawajasoma habari hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule nazo zilikimbia mbele ya vitabu. Hapa Ghana mpango wa elimu wa mwaka 1951 uliondoa ada ya shule za msingi, na kuanzia Januari 1952 watoto wakamiminika madarasani. Vitabu vingi vilitoka ng'ambo na vililipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo uchumi ulipoporomoka miaka ya 1970, sidi, fedha ya hapa, iliposhuka thamani, rafu zilibaki na vilevile vilivyokuwapo, vikichakaa. Walimu wengi walivuka kwenda Nigeria kutafuta riziki. Mwaka 1983 Nigeria ikawarudisha Waghana kwa mamia ya maelfu, na mwaka huohuo ukame na moto wa nyika vikamaliza mashamba. Wazee wa hapa wanakumbuka mifupa ya shingo iliyochomoza kwa njaa, wakaiita "mkufu wa Rawlings", kwa jina la mtawala wa wakati huo. Mwenye mkufu huo haendi dukani kuulizia kitabu.

Hali imepanda tena, tusiwe wachoyo wa kusema. Tangu Septemba 2017 elimu ya sekondari ya juu ni bure, na wanafunzi walizidi nafasi hata mwaka uliofuata shule nyingi zikaanza kupokea watoto kwa zamu. Mamlaka ya Maktaba ya Ghana, iliyokuwa na maktaba 61 mwaka 2017, sasa imepita mia moja. Mwaka 2023 Accra ilikuwa Mji Mkuu wa Vitabu Duniani kwa uteuzi wa UNESCO, na mabango yake tuliyaona hadi kwenye vituo vya trotro, zile daladala za huku.

Sasa tuseme makosa yetu.

Tulipofika katika ile shule mara ya kwanza tulikuta kabati la vitabu. Vilikuwa vizuri, vipya kama vimetoka dukani jana, na kabati lilikuwa na kufuli. Tukauliza ufunguo uko wapi. Uko kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko kwenye semina. Jumamosi ya pili, hivyohivyo. Hatumlaumu: kitabu kikipotea ni yeye anayeandika maelezo, kisiposomwa hakuna anayemuuliza kitu. Sisi kwa ujuaji wetu tukaamua kuleta vya kwetu. Tukaomba msaada kwa marafiki walio ng'ambo, tukaletewa boksi kubwa, tukalifungua mbele ya watoto kwa shangwe. Ndani mlikuwa na mwongozo wa kodi wa nchi isiyo yetu, kitabu cha kutunza farasi, na hadithi kuhusu theluji. Mtoto mmoja alikipenda sana kile cha farasi, kwa picha zake. Vingine bado tunavyo, kama kuna anayehitaji.

Ndipo tukarudi kwa askofu. Tulinunua masanduku mawili ya plastiki yenye vishikio, tukachagua vitabu kimoja kimoja, vyembamba, vinavyomalizika kwa siku chache. Sanduku moja linakaa darasani wiki mbili, kisha linabadilishana na la darasa jingine. Halina kufuli. Daftari la kuazimia anashika mtoto, si mwalimu. Vitabu vimepotea, hatufichi, lakini vilivyopotea tuna hakika vilisomwa kwanza. Kwenye trotro utingo alitutoza nauli ya abiria kwa kila sanduku, tukalipa.

Liko jambo moja ambalo masanduku hayajalitatua. Sera ya hapa inataka mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha ya kwao, na Ofisi ya Lugha za Ghana, iliyoanzishwa mwaka 1951, huchapisha katika lugha 11. Lakini sanduku letu karibu lote ni Kiingereza. Mtoto anafundishwa kwa Kiga, lugha ya wenyeji wa Accra, asubuhi, akifungua kitabu cha hadithi anakuta lugha ambayo mama yake haongei. Anaangalia picha, anarudisha. Wenzetu wa Afrika Mashariki, waliolelewa na hadithi za Sungura kwa Kiswahili, wanajua alichokosa. Tulipowasimulia za Sungura kwa mdomo, huku mwenzetu akifasiri, wakapiga kelele kwamba huyo ni Ananse, buibui mjanja wa hadithi za huku, tumembadilisha jina tu. Na watoto wa Kihausa wakacheka waliposikia "habari" na "afya", maana wao husema "labari" na "lafiya". Siku hiyo hatukufungua kitabu hata kimoja, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Kwanza, kwa siku utakazokuwa hapa, tufundishe kazi: namna ya kushona kitabu kilichoachia mgongo, na namna ya kuweka kumbukumbu ambayo mtoto wa miaka kumi ataiweza. Pili, unafahamiana na wachapishaji wa vitabu vya watoto huko nyumbani. Tuombee ruhusa ya kufasiri hadithi chache kwa Kiga na Kitwi. Kazi ya kufasiri tutaifanya wenyewe, walimu wetu wamekubali kuisahihisha, na wenyeji wa lugha hizo wako humu ukumbini. Tatu, tunaomba masanduku. Hatuombi jengo. Tukipewa jengo leo tutatafuta mlinzi, mlinzi atataka kufuli, na ufunguo utakwenda kwenye semina.

Sanduku la tatu liko hapa mezani, bado tupu. Tumesikia umekuja na vitabu viwili vya Kiswahili mkobani mwako. Daftari hili, na huyu ndiye mshika daftari wetu, yuko darasa la tano, ameshachonga penseli. Anaomba umtajie jina lako na majina ya vitabu hivyo, polepole, ili asikosee herufi.

Tunaomba kuwasilisha.